Manukuu ya kuwasha na kuzima kwenye DVD
Ndugu, umeuliza jinsi ya kuweka manukuu (maandishi ya yanayosemwa, chini ya picha) kwenye video za familia, anayeyataka ayawashe, asiyeyataka ayazime. Inawezekana, ila usiyabandike kwenye picha yenyewe. Yakishaganda hapo hayatoki. Yaandike kwa Subtitle Edit, programu ya kuandikia manukuu, uhifadhi faili la SRT, yaani maandishi yenye muda wa kila mstari kuonekana. Ukiandika muda kwa mkono, mfano 00:01:12,500, hapo kabla ya 500 ni mkato, si nukta (mimi ilinilia jioni nzima). Kisha kwenye DVDStyler, programu ya kutengenezea DVD, ongeza video, halafu faili hilo kama mkondo wa manukuu, yaani safu ya pembeni inayowashwa na kuzimwa. DVD hubeba mikondo hadi 32, lakini maneno hugeuzwa kuwa vipicha, hivyo kosa la tahajia halirekebishiki ukishachoma diski. Kabla ya kuchoma, ijaribu video pamoja na manukuu yake kwenye VLC, programu ya kuchezea video.