Johnny Dollar: anzia 1955, usianzie 1949

Ndugu, umeuliza kama usikilize mchezo wa redio wa Yours Truly, Johnny Dollar kwa mpangilio, tangu ulipoanza kwenye redio ya CBS, Marekani, Februari 1949. Ushauri wangu: usifanye hivyo, utachoka mapema. Miaka ile ya kwanza Johnny, aliyeigizwa na Charles Russell, alikuwa mpelelezi wa kawaida tu, na mbwembwe yake kubwa ilikuwa kuwapa wahudumu bakshishi ya sarafu za dola za madini ya fedha. Edmond O'Brien na John Lund wakafuata.

Anza Oktoba 1955, alipoingia Bob Bailey chini ya mtayarishaji Jack Johnstone. Kwa mwaka mmoja na kidogo, kesi moja iligawanywa sehemu tano za dakika 15, Jumatatu hadi Ijumaa. Muda huo ndio uliowapa watu nafasi ya kuwa watu: mjane anayesita kujibu, mshukiwa unayeanza kumwonea huruma. Johnny ni mpelelezi wa madai ya bima kutoka Hartford, na hadithi nzima anaisimulia kupitia hesabu ya matumizi anayoiandikia kampuni: nauli ya ndege, teksi, chakula cha mchana. Sikiliza hizo hesabu kwa makini, maana humo ndimo anamopenyeza hasira na huzuni yake. Mimi sijasikia mpelelezi wa redio anayemfikia Bailey.

Ukizimaliza kesi za Bailey, ruka hadi Mandel Kramer, aliyeigiza mpaka kipindi cha mwisho, tarehe 30 Septemba 1962. Naye ni mzuri sana.