Kopo limeandikwa "inflammable": linawaka au haliwaki?

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi rangi. Masomo ya jioni tulipewa karatasi ya viambishi inayosema "in-" ya Kiingereza maana yake "si". Kopo langu la thina limeandikwa "inflammable". Je, ina maana haishiki moto?

JIBU: Inashika moto, ndugu yangu, tena upesi. Iondoe karibu na jiko leo hii.

Karatasi hizo nazijua, wanafunzi huniletea kila muhula, na zinanikera. Kiingereza kilirithi "in-" mbili kutoka Kilatini. Moja hukanusha, kama "invisible", kisichoonekana. Ya pili ina maana ya "ndani" au "kuingia", na ndiyo iliyo kwenye "inflame", kuwasha, lilikotoka neno lako. Hata sisi "ki-" ya "kitoto" hudogosha, lakini ya "kitabu" ilikuja na neno lenyewe kutoka Kiarabu. Nani anaitafuta "tabu" kubwa?

Wenye lugha wenyewe waliiona hatari. Marekani, chama cha kukinga moto cha NFPA kilihimiza "flammable" badala ya "inflammable" tangu miaka ya 1920. Uingereza, taasisi ya viwango ya BSI ikafuata mwaka 1959. Maneno hayo mawili maana yake ni moja. Kisichowaka ni "non-flammable".

Na hata "in-" inapokanusha kweli, lazima ujue inakanusha nini. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani. Ni chenye thamani isiyokadirika. "Infamous" si mtu asiyejulikana. Anajulikana sana, kwa ubaya. Jedwali la mistari kumi halikwambii hayo. Anayekuuzia karatasi na kukuahidi maneno elfu kwa wiki anakuuzia kubahatisha, kisha wewe ndiye unayeshika kopo.

Thina ni mfano mmoja tu. Vibandiko vya dawa za wadudu huandikwa "do not inhale" na "do not ingest": usivute hewa yake, usiimeze. Zote mbili zina ile "in-" ya kuingia. Anayesoma kwa karatasi yake ataelewa nini hapo? Neno la kwenye kibandiko usilipasue vipande. Litafute zima kwenye kamusi, au muulize muuzaji kabla hujafungua kifuniko.