Kikundi cha Maigizo ni Familia, Lakini Daftari Liwepo

Kwenye kikundi chetu cha maigizo ya jamii, huku Temeke, yupo mama muuza samaki ambaye hadi leo ananiita mkwe. Hatuna undugu wowote. Kuna igizo nilimwoa "binti yake". Igizo likaisha, jina likabaki. Mwenzetu aliyeigiza huyo binti alipokuja kuposwa kweli, mama yule aliitwa kwenye kikao cha familia, akakaa mkekani pamoja na mashangazi wa damu. Mimi, mkwe wa zamani, nilipewa kazi ya kubeba kreti za soda.

Vijana wanaoanzisha vikundi huniuliza undugu wa namna hii unapatikanaje. Haupatikani kwa kuhubiriana umoja kila kikao. Sisi tunaigiza sokoni na kwenye viwanja vya shule, hakuna pazia wala tiketi. Ngoma inalia, watu wanajaa, duara linafungwa. Mara mlevi anaingia katikati wakati mke analia. Hapo ndipo utakapomjua ndugu yako: aliyeigiza mwenyekiti wa mtaa anamshika mkono yule mlevi, anamwambia "shahidi umechelewa, kaa hapa", anamkalisha, na igizo linaendelea. Ukishaokolewa hivyo mbele ya soko zima, ni vigumu kumnunia mtu huyo kwa wiki nzima.

Ushauri wangu wa kwanza: kila mwanakikundi awe na kazi, asiwe na nafasi ya kuigiza tu. Someni habari za kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, Kenya. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijijengea jukwaa la wazi la watu wapatao 2,000, wakaigiza kwa Kikikuyu tamthilia iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Novemba mwaka huohuo serikali ikafuta kibali cha maonyesho, na mwaka 1982 polisi wakalibomoa jukwaa lenyewe. Kinachonivutia zaidi ni mazoezi yao. Yalifanyika hadharani, na mwanakijiji aliyekuja kutazama aliweza kumsahihisha mwigizaji kama mambo anayoyaigiza hayafanani na maisha. Kwa hiyo igizo lilikuwa la kila mtu, hata la asiyepanda jukwaani.

Sasa fedha, maana hapa ndipo vikundi vingi hufia. Shirika limewaita mkaigize kuhusu malaria, limelipa, halafu kiongozi anaanza: "Jamani, sisi ni familia, tusiulizane sana." Ukisikia maneno hayo, omba daftari. Sisi hela hugawiwa palepale, wote tukiwa tumesimama, kabla ya kupanda daladala: nauli kwanza, kisha fungu la kikundi, kinachobaki tunagawana sawa, mpiga ngoma na mhusika mkuu hawazidiani. Fungu la kikundi ndilo linalokodi turubai mwenzetu akifiwa. Anayeandika daftari si yule anayetunza fungu hilo. Sijaona undugu uliovunjwa na mahesabu yaliyo wazi. Uliovunjwa na bahasha nimeuona sana.

Lipo jingine ambalo wengi hatupendi kulisema. Mabinti wetu wengi wametoka nyumbani kwa ruhusa ya shingo upande, na mazoezi humalizika giza likiingia. Mwanamume mzima akijiita "baba wa kikundi", kisha kila siku anataka kumsindikiza binti yuleyule peke yake, huyo awekwe kikao bila kuoneana haya. Kwetu, dada mmoja mtu mzima ndiye anayekwenda kwa wazazi kuomba ruhusa, na yeye ndiye anayehakikisha mabinti wanaondoka pamoja. Wazazi wakimwamini yeye, mnaye mwigizaji kwa miaka. Wasipomwamini, mtakuwa mnabadilisha waigizaji kila mwezi.

Halafu watu wataondoka. Mmoja atapata ajira Dodoma, mwingine ataitwa kwenye filamu, mwingine ataolewa na mume atasema basi. Msiwatoe kwenye grupu la WhatsApp kwa hasira, wala msiwasute kwamba wamewasaliti. Anayekwenda afundishe nafasi yake kwa mwingine, arudishe vazi, apewe soda. Akipita mjini siku ya onyesho, mwachieni ngoma apige. Nauli ajilipie.