Kanuni Sahihi, Mahali Pabaya: Ninavyokagua Fayawoli

Wiki hii kijana mmoja aliyeajiriwa karibuni kitengo cha TEHAMA ameniandikia: "Kaka, kanuni ya kufunga poti ya hifadhidata nimeihakiki herufi kwa herufi, mbona wageni wa Wi-Fi bado wanaingia?" Nikamwomba orodha nzima ya kanuni za fayawoli, yaani ukuta unaoamua mawasiliano gani yapite na yapi yazuiwe, si ile yake peke yake. Ilipofika nikakutana na jambo ninalolifahamu mno.

Miaka ya nyuma nilikuwa fundi wa chini katika ofisi ambayo sitaitaja. Mtandao wa wageni ulikuwa 10.20.0.0/16 (anwani zote zinazoanza na 10.20), na tulitakiwa kuuzuia usifike poti 3306, mlango wa hifadhidata ya MySQL. Kanuni ikaandikwa, ikawekwa mwishoni mwa orodha. Wageni wakaendelea kuingia. Wakubwa wakailaumu swichi, hata bei ya mpya ikaulizwa. Mimi nikafungua orodha pamoja na kaunta zake, yaani hesabu ya pakiti (vifurushi vya data) zilizokutwa na kila kanuni, kwa amri ya iptables, fayawoli ya Linux: iptables -L -v -n --line-numbers. Kanuni yetu ilionyesha pakiti 0. Wageni wanaingia mchana kutwa, na kanuni ya kuwazuia haijaguswa hata mara moja! Nikapanda mstari kwa mstari mpaka nikaikuta iliyoruhusu 10.0.0.0/8 yote, yaani kila anwani inayoanza na 10. Anwani za wageni zimo humo humo. Orodha husomwa kutoka juu, na pakiti ikisharuhusiwa, kanuni za chini haziioni tena.

Nilisema. Nikaambiwa tumsubiri mshauri wa nje. Alipokuja nikamwonyesha ile sifuri, akaisogeza kanuni yetu juu, na kwenye kikao akashukuriwa yeye. Jina langu halikutajwa. Inaniuma mpaka leo, na nalisema kwa kuwa wengi mnaonisoma mko pale pale nilipokuwa. Msinyamaze. Ukiona kosa, liandike kwa maandishi, uambatanishe matokeo ya amri na saa uliyoiendesha.

Na ukaguzi wenyewe, ndugu zangu, anzeni na kaunta. Kanuni ya kuzuia yenye sifuri huku mnajua watu wanapita ina kitu juu yake kinachoifunika. Msiiache ile -v kwenye amri: bila hiyo, kanuni ya kiolesura cha lo (njia ambayo seva huzungumza na yenyewe) huonekana kana kwamba inaruhusu dunia nzima, na nimeshuhudia watu wakiifuta kwa hofu, programu za ndani ya seva zikashindwa kuwasiliana.

Kisha jaribuni kwa nmap, programu ya kuchunguza poti zilizo wazi, mkiwa upande wa wageni. Anayejaribu akiwa ndani ya seva yenyewe hajajaribu chochote. Kumbukeni pia kwamba iptables inashughulikia IPv4 tu, yaani anwani za mtindo wa zamani. IPv6, mtindo mpya, ina ip6tables yake, na mlango uliofungwa upande mmoja unaweza kuwa wazi upande wa pili. Wenye Docker, inayoendesha programu ndani ya vifurushi viitwavyo kontena, muwe macho zaidi: poti inayofunguliwa na kontena inaweza kuzipita kanuni mlizoweka kwa ufw, programu ya kurahisisha uwekaji wa kanuni za fayawoli.

Wapo wanaosema programu ya ukaguzi inatosha. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilitoweka mtandaoni kwa saa kadhaa baada ya amri ya matengenezo kukata uti wa mgongo wa mtandao wao. Programu iliyopaswa kuizuia amri hiyo ilikuwepo, lakini ilikuwa na hitilafu. Tumieni programu, ila someni orodha kwa macho yenu.

Ile kanuni ya 10.0.0.0/8 iliwekwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi. Hakuna aliyejua sababu, na kila mmoja aliogopa kuigusa. Ndiyo maana leo simpokei fundi chini yangu anayeweka kanuni bila -m comment --comment, sehemu ya amri inayobeba maelezo: nani ameiweka, kwa ajili gani, na tarehe ya kuiondoa.