Vitabu kumi na kimoja, na magunia mawili ya baba

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nakaa hosteli za Mabibo. Wiki ya kwanza tu mhadhiri wa Sheria ya Mikataba ametugawia mpango wa somo wenye vitabu 11, na masomo mengine bado. Nimeulizia dukani kimoja cha Uingereza, wanataka shilingi 180,000. Bodi ya Mikopo imenipa 200,000 za vitabu na viandikwa kwa mwaka mzima. Kaka mmoja wa steshenari anasema atanitolea kopi ya kitabu kizima na kukibaindi kwa 25,000. Baba analima mpunga Ifakara, na yuko tayari kuuza magunia mawili aliyoweka akiba. Silali vizuri. Nifanyeje?

Binti wa Kilombero

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpigie baba simu leo hii, kabla hujamaliza kusoma haya, umwambie magunia yabaki ghalani. Hakuna kitabu katika orodha hiyo kinachostahili kuuziwa mpunga wa akiba.

Nimekaa miaka 22 kwenye dawati la kuazimisha vitabu katika maktaba ya chuo kimoja, na kila mwaka wanafunzi wapya walikuja na orodha kama yako mkononi, nyuso zimesawijika. Mhadhiri anaandika vitabu 11 ili ujue elimu ya somo lake imelala wapi. Yeye mwenyewe anafuata kimoja, pengine viwili. Basi usinunue chochote mpaka wiki ya tatu. Kufikia hapo utakuwa umesikia jina gani linarudiwa darasani. Kama hulisikii, msubiri mlangoni kipindi kikiisha, umuulize: "Mwalimu, maswali ya semina yanatoka zaidi kitabu kipi?" Sijaona mhadhiri aliyekasirishwa na swali hilo.

Ukishakijua, kitafute kwanza maktaba. Nyinyi mna jengo lililofunguliwa mwaka 2018 lenye nafasi za watu 2,100 kwa wakati mmoja. Sisi enzi zetu tulisomea ngazini. Ukikipata, kabla hujakifungua kitazame ubavuni, upande wa kurasa. Utaona sehemu zimekuwa nyeusi kwa vidole na sehemu nyeupe pe, kama kimetoka kiwandani jana. Hizo nyeusi ndizo sura ambazo wenzako waliotangulia walizihitaji. Nimeshika vitabu vya kurasa 900 ambavyo weusi wake haufiki kurasa 150. Huyo ndiye mshauri wako, na hakulipishi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hili dukani hawatakuambia. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345 (hiyo ndiyo namba yake katika mkusanyiko wa sheria za nchi), chimbuko lake ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyoletwa Tanganyika na watawala wa Kiingereza. Vifungu vingi bado vinasema maneno yale yale. Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967 nayo imefuata ya India ya 1872, na ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966 imefuata ya India ya 1908. Kwa hiyo mwandishi wa India anayefafanua kifungu kwa kifungu anakufaa kuliko kile kinene cha Uingereza, kwani Waingereza hawana sheria moja ya mikataba iliyoandikwa namna hiyo; kwao msingi ni hukumu za majaji. Na vitabu vya India huwa na jalada jepesi na karatasi ya kawaida, mara nyingi bei yake haifiki nusu. Mdogo wangu aliyesoma sheria alinunua kitabu cha ushahidi cha Uingereza, tukachangishana nyumba nzima. Kila kipindi mhadhiri akitaja kifungu, yeye anapekua hakioni. Naumia mpaka leo nikikumbuka mama alivyotoa fedha ya vitenge vyake.

Ila usiende na njia hiyo kila mahali. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iliingia mwaka 1930 ikaiondoa ile ya India, na Sheria ya Ndoa ya 1971 ni yetu wenyewe. Huko tafuta waandishi wa hapa.

Sheria zenyewe na hukumu usizinunue kabisa. Zimo TanzLII, mtandao wa Mahakama ya Tanzania, bure: hukumu za Mahakama ya Rufani, za Mahakama Kuu, na sheria zilizotungwa. Pakua ukiwa kwenye waifai ya chuo, kisha wewe na wenzako wa chumbani mchapishe Sura ya 345 nakala moja moja, mziweke spiro. Hilo ni halali kabisa, maana Sheria ya Hakimiliki ya 1999 hailindi maandishi ya sheria wala maamuzi ya mahakama.

Inamlinda mwandishi wa kitabu. Kwa hiyo kaka wa steshenari umkatalie kwa heshima. Sura moja unayoisoma mwenyewe, toa kopi. Kitabu kizima, hapana. Waandishi wetu wa sheria ni wachache, na wakiona kitabu chao kinauzwa spiro kila kona hawataandika cha pili. Nawe unasomea kazi ya kusimama mbele ya hakimu.

Wakubwa wa mwaka wa tatu watakuja kukuuzia vitabu vyao. Vya ufafanuzi nunua, hata toleo likiwa la nyuma kidogo. Misingi ya ofa na kukubali ofa haijahama. Lakini anayekuuzia nakala za sheria zenyewe muulize ni toleo la mwaka gani. Tangu Julai 1, 2025 tunatumia Sheria Zilizofanyiwa Urekebu, yaani zilizopangwa upya pamoja na marekebisho yake, Toleo la 2023, na baadhi ya namba za vifungu zimesogea. Akikupa ya zamani bure, ipokee, utaihitaji ukisoma hukumu za nyuma zenye namba za zamani. Usiilipie hata mia tano.

Kwa hesabu yangu, muhula huu kitabu kimoja cha India cha mikataba, machapisho na kopi za sura vikusogeze mpaka mtihani, na nusu ya ile 200,000 ibaki. Kuna masomo ya muhula wa pili ambayo hata orodha zake hujaziona. Na ukishakijua kitabu anachokifuata mhadhiri wako, niandikie jina lake na mwaka wa toleo, nikuambie kama kilichotumika cha wakubwa wako kinatosha.