Kwenye gari-nyumba, hesabu maji machafu kwanza

Watu wanaoniuliza kuhusu kusafiri na gari-nyumba huku Ulaya huanza na swali lile lile: tangi lina lita ngapi? Wanataka kujua maji safi yatawafikisha wapi. Mimi huwarudishia swali: utayamwaga wapi? Maji safi yakikuishia, unaweza kumwomba mwenye shamba akujazie dumu, ukanunua katoni ya chupa dukani, au ukabisha hodi kituo cha mafuta. Maji machafu hayana njia hizo. Tangi la maji machafu lililo chini ya gari likijaa, au kaseti ya choo, lile sanduku la kuchomoa linalopokea uchafu wa choo, ikifika ukingoni, safari imesimama papo hapo, hata kama una lita 60 za maji safi zinakusubiri.

Sisi tunaishi Ujerumani, na likizo zetu nyingi tunazimalizia barabarani: bonde la Mosel, Ziwa Bodensee, mara nyingine tunavuka kwenda Ufaransa. Gari letu ni la kawaida, la daraja lisilozidi kilo 3,500, ambalo mwenye leseni ya B, ile ya gari dogo la kawaida, anaruhusiwa kuliendesha. Magari ya aina hii mengi hubeba lita 100 hivi za maji safi, tangi la maji ya sinki na bafu linalokaribia ukubwa huo huo, na kaseti ya choo ya lita 17 hadi 20. Zitazame hizo namba vizuri. Kilicho kidogo kuliko vyote ni choo, na ndicho kinachokupangia siku ya kuondoka mahali.

Na hapo sisi tuliozoea kujisafisha kwa maji tuna hesabu ambayo vitabu vya maelekezo vya magari haya haviitaji kabisa. Chukua familia ya watu wanne, kila mtu aende chooni mara nne kwa siku, kila mara na kopo la lita moja. Hayo ni maji lita 16 peke yake, bado hujahesabu kilichokupeleka chooni. Kaseti inajaa kabla jua halijazama. Ndiyo maana kopo halifai humo ndani. Tafuta chupa laini ya plastiki ya nusu lita yenye mdomo mwembamba, ile ya kubinya. Maji yanatoka kwa nguvu na kufika panapotakiwa, na robo lita inamtosha mtu mzima kustanji vizuri. Kila mtu na chupa yake, imejazwa kabla hajaingia. Watoto wadogo wasimamie mwanzoni, kwani kwao maji yanayotoka kwa kubinya ni mchezo.

Kitu cha pili ni kununua kaseti ya ziada. Bei yake inauma, lakini kwa familia sioni fedha yoyote ya vifaa vya safari inayolipa kuliko hiyo. Tatu, mnapopita penye choo kizuri, iwe kwenye jumba la makumbusho, mgahawani au maegesho ya barabara kuu, wote mwingie, hata anayesema hajabanwa.

Siku hizi utasikia watu wakisifia choo kikavu, kinachotenga mkojo upande mmoja na kinyesi upande mwingine. Kwa anayetumia karatasi peke yake ni choo kizuri: harufu yake ni ndogo, hakihitaji dawa, na upande wa kinyesi unakaa siku kadhaa bila kumwagwa. Kwa anayejisafisha kwa maji sikishauri. Upande wa kinyesi unatakiwa ubaki mkavu, na maji yakishaingia huko umepata uvundo ambao kaseti haina. Kabla hujatoa mamia ya euro, fikiria hilo.

Maji ya udhu nayo yanawatisha wengi bure. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho, kwa makadirio yanayojulikana zaidi, hakifiki robo tatu ya lita, na vibaba vitano ni lita tatu na ushee. Kwa hiyo anayesema gari-nyumba haliwezi kuchukua watu wanaoswali mara tano, tatizo lake ni bomba linaloachwa wazi. Jaza kikombe kikubwa, tawadhia kwenye sinki, basi.

Kuoga ni hivyo hivyo. Boila la gari kama letu lina lita 10 tu za maji ya moto, na anayeoga kwa kusimama chini ya bomba anayamaliza huku bado ana povu kichwani. Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga, alilitazama lile bafu, akaomba beseni na kata. Lita tano za vuguvugu zilimtosha. Wajukuu wakamwambia, "Bibi, fungua bomba, maji yapo." Akawajibu, "Jipakeni sabuni kwanza, maji yenu nitayachota mimi." Tangu siku hiyo beseni dogo na kata havijatoka garini. Mtu aliyekulia kwenye mgao wa maji anao ujuzi ambao wenzetu huku wanaununua kwa vifaa vya bei kubwa, na ningependa watoto wetu waurithi.

Jikoni ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani, hasa jikoni kwetu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tanga hali hiyo si tatizo kubwa. Chini ya sakafu ya gari, mwezi wa kumi, milimani kusini mwa Ujerumani, ni kila usiku. Ukipika wali wa nazi na mchuzi wa samaki wa tui, kisha ukaosha sufuria kwa maji mengi, mafuta yanapita sinki yakiwa majimaji na kuganda kwenye bomba jembamba la plastiki au ndani ya tangi. Yananasa punje za wali, yanaoza, na harufu inarudi juu. Kumwaga maji ya moto hakuondoi tatizo. Kunalisogeza mbele kidogo tu. Futa sufuria na sahani kwa karatasi ya jikoni zikiwa bado na joto, karatasi itupe kwenye takataka, ndipo uoshe. Weka chujio dogo kwenye tundu la sinki. Ukoko ukwangue, usiuloweke. Na gari likiwa linatembea, ziba matundu ya sinki na bafu kwa vizibo vyake, kwa kuwa mtikisiko humwaga yale maji kidogo yanayokaa kwenye kona ya bomba kuzuia harufu.

Sasa kumwaga kwenyewe. Ujerumani kuna maegesho maalumu ya magari-nyumba yanayoitwa Stellplatz, na Ufaransa vijiji vingi vina maegesho kama hayo, yanayoitwa aire. Programu ya simu kama park4night itakuonyesha lipi lina huduma ya maji. Kituo cha huduma kwa kawaida kina sehemu tatu: bomba la maji safi, ambalo mara nyingi hutaka sarafu ya euro moja au zaidi, wavu wa chuma ardhini ambapo unasimamisha gari na kufungua tangi la maji ya sinki, na tundu la kumimina kaseti, lenye bomba lake la kusuuzia. Hilo bomba la kusuuzia kaseti usilitumie kujaza hata birika. Pembeni yake utaona kibao: Kein Trinkwasser kwa Kijerumani, eau non potable kwa Kifaransa, maana yake si maji ya kunywa. Unayoyataka ni Trinkwasser, au eau potable.

Hata bomba lenye kibao kizuri sitaliamini kwa macho. Wako watu wanaoingiza mdomo wa kaseti kwenye bomba la maji safi kwa sababu liko karibu. Kwa hiyo tunapulizia mdomo wa bomba dawa ya kuua vijidudu, tunayaacha maji yatiririke kidogo, ndipo tunaunganisha mpira wetu wenyewe. Mpira uwe wa maji ya kunywa, si ule wa bustanini. Ukimaliza, umwage maji yote na uunganishe ncha zake mbili, wadudu na vumbi visiingie. Beba viunganishi vya ukubwa tofauti, na keni ya kumwagilia maua iliyo safi kwa mahali ambapo mpira haufiki.

Mpangilio wetu ni huu: maji safi kwanza, mikono ikiwa safi, halafu maji ya sinki, kaseti mwisho. Mimi nashika upande wa maji safi, mume wangu anavaa glavu na kushika upande wa machafu, na hatusaidiani mpaka kila mtu amenawa kwa sabuni. Mpira, glavu na vifaa vya kila upande vina sanduku lake, na masanduku hayo hayakai pamoja. Ukisafiri peke yako, fuata mpangilio huo huo.

Kuna jambo linaloniudhi kweli, nalo ni kufungua tangi la maji ya sinki njiani. Wengine husema ni maji ya kuoshea vyombo tu, yana ubaya gani? Yana sabuni, mafuta, mabaki ya chakula na vijidudu vya miili yetu. Na yale matundu ya chuma kando ya barabara, mengi yanapeleka maji ya mvua moja kwa moja mtoni bila kupitia mtambo wowote wa kusafisha. Maji ya Bodensee, ambako watu huegesha kwa ajili ya mandhari, hunywewa na watu wapatao milioni nne kusini mwa Ujerumani. Sheria inakataza kumwaga hovyo na faini ipo, lakini hata isingekuwepo, mgeni hachafui kisima cha mwenyeji. Nimeona maegesho mazuri yakiwekewa ubao wa kuzuia magari-nyumba kwa sababu ya uchafu wa wachache.

Utasikia pia ushauri wa kwenda kuchota maji makaburini, kwa kuwa makaburi mengi huku yana bomba la kumwagilia maua. Sifanyi hivyo. Mengi ya mabomba hayo si ya maji ya kunywa, na mtu aliyekuja kumzuru marehemu wake hastahili kukukuta unajaza madumu.

Dawa ya choo tumia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukizidisha, unaua vijidudu ambavyo mtambo wa kusafisha majitaka unavitegemea, na vijiji vidogo vina mitambo midogo. Ndiyo maana baadhi ya kambi hukataa aina kali. Klorini ya kufulia usiitie kwenye kaseti kabisa.

Maji ya kunywa tunayaweka kwenye dumu la lita 10, tofauti na tangi. Tangi ni la kuoshea, kuogea na kupikia vitu vinavyochemka. Si kwamba maji ya bomba huku ni mabaya, yanakaguliwa sana. Shida ni kukaa. Maji yaliyosimama ndani ya gari lililoachwa juani hupata joto la nyuzi 25 hadi 45, na hilo ndilo joto ambalo bakteria wa lejionela, wanaoleta homa ya mapafu, hulipenda. Gari likikaa siku kadhaa bila kutumika, mwaga yote ujaze upya, na boila lipandishe hadi nyuzi 60 kabla ya mtu yeyote kuoga.

Kila mwanzo wa msimu tunasafisha tangi kwa klorini isiyo na manukato, ya aina ile ya nyumbani yenye nguvu ya asilimia 5 hivi: mililita 100 kwa lita 100 za maji. Fungua kila bomba mpaka usikie harufu yake, acha kwa saa nne au zaidi, kisha mwaga kwenye tundu la majitaka na usuuze mpaka harufu iishe. Chujio la mkaa litoe kabla. Soma pia kitabu cha boila, maana baadhi ya yale ya chuma cha pua hayataki klorini. Hayo yatenge kwanza.

Uzito nao uhesabu: lita moja ya maji ni kilo moja. Watengenezaji wengi wanapotaja uzito wa gari huhesabu lita 20 tu za maji, kwa hiyo tangi lililojaa, watu wanne na mizigo yao vinaweza kukuvusha kilo 3,500 bila kujua. Tunasafiri na maji ya kunawa na ya choo tu, tunajaza karibu na tunapolala.

Baridi ikiingia, vituo vingi hufunga mabomba yao, kwa hiyo piga simu kabla ya kwenda. Tangi la maji ya sinki ndilo hutangulia kuganda kwa sababu liko nje chini ya gari. Wengi, nasi tukiwemo, huacha valvu yake wazi na kukinga ndoo chini yake. Asubuhi unabeba ndoo ya barafu ukaimwage panapostahili. Na kama boila lako ni la kampuni ya Truma lenye valvu ya kinga ya baridi, jua kwamba joto likishuka karibu nyuzi 3 valvu hiyo hufunguka yenyewe na kumwaga maji yote ya boila chini, na haitakubali kufungwa mpaka hapo ilipo pamepata joto la nyuzi 7 hivi. Washa hita ya gari kwanza, subiri ndani kupate joto, ndipo ujaze maji. Gari likienda kulala kwa msimu mzima, mwaga kila tangi, washa pampu kidogo itoe yaliyobaki, na uache mabomba yote wazi, mpini ukiwa katikati ya moto na baridi.