Redio ya gari haishiki: maswali ya madereva wa Malindi na Lamu

Safari hii maswali karibu yote ni ya redio za gari. Kabla sijayajibu nina ombi moja: usiende dukani kununua redio mpya kabla hujaikagua antena. Pwani hii chumvi huila antena mapema, redio yenyewe ikiwa bado nzima.

Shikamoo fundi. Gari langu limetoka Japani juzi. Redio inalia safi, ila haivuki 90, na stesheni ninazozipenda zote ziko juu ya hapo. Ni mbovu? (Dereva, Muyeye)

Marahaba. Si mbovu, ila imetengenezwa kwa masafa ya kwao. FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio nyingi za huko huishia 90. Za karibuni hufika 95. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108.

Mafundi watakuuzia ekspanda, kile kikasha kinachokaa kati ya waya wa antena na redio kikashusha masafa. Kikishusha kwa 14, stesheni ya 98.0 utaipata kwenye 84.0. Lakini piga hesabu: dirisha lako la 76 hadi 90 litakuonyesha 90 hadi 104 tu, na za juu zaidi utazikosa. Kwa hiyo wewe, peke yako leo, nakupa ruhusa ya kununua redio nyingine. Ukishaifunga, ingia kwenye mipangilio uchague eneo la Ulaya, si Marekani. Ya Marekani huruka hatua za 0.2, hivyo 98.3 itaisimamia lakini 98.4 itaipita.

Fundi, gari langu hulala karibu na bahari. Redio ilikuwa inashika vizuri, sasa inakwaruza. Nikiligonga paa pale kwenye antena, inarudi kidogo kisha inapotea. (Mama wa duka, Shela, Malindi)

Mama, kwa kule kugonga paa umeshajua ugonjwa uko wapi. Fungua fimbo ya antena kwa mkono, ugeuze kinyume cha saa. Tazama nyuzi za skrubu na tundu lake. Ukiona unga mweupe au wa kijani, hiyo ni kutu ya chumvi. Sugua kwa msasa laini hadi chuma king'ae, futa kwa kitambaa kikavu, rudisha na ukaze.

Ikiwa bado, tatizo liko chini ya kitako. Pale antena inatakiwa ishike chuma kitupu cha bodi. Kutu ikiingia katikati, mkwaruzo hauishi. Fundi ashushe kitambaa cha dari, afungue nati, asafishe bodi na kupaka grisi kidogo juu baada ya kukaza.

Mwambie pia atumie mita ya umeme, aiweke kwenye omu. Kwa antena ya kawaida isiyo na kikuza mawimbi, kutoka ncha ya fimbo hadi pini ya kati ya plagi isome karibu sifuri. Kati ya pini hiyo na ganda la nje la plagi pasisome kitu. Pakisoma, maji yameingia kwenye waya au umebanwa mahali.

Na kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji mita. Toa redio, chomoa plagi ya antena, kisha ingiza kwenye tundu la antena nyuma ya redio, pale katikati, waya mtupu wa sentimita 75 hivi, uuning'inize nje ya dirisha. Urefu huo ni robo ya wimbi la megahezi 100. Stesheni zikirudi, redio ni nzima na pesa yako iende kwenye antena. Zisiporudi hata ukiwa katikati ya mji, hapo ndipo uishuku redio.

Injini ikizimwa redio ni safi. Nikiwasha, kuna mluzi unaopanda nikikanyaga mafuta. (Dereva wa teksi, Watamu)

Mluzi unaofuata mafuta hutoka kwa alteneta, ile inayochaji betri. Weka muziki wa simu kwa bluutuuthi: mluzi ukiendelea, unapitia kwenye waya za umeme, basi angalia waya wa ethi wa redio na ule unaounganisha injini na bodi. Ukikoma, unaingilia kwenye antena. Ukisikia mkwaruzo usiobadilika na mafuta, chomoa chaja ya simu, kamera ya dashibodi na taa za LED kimoja kimoja. Chaja za bei rahisi zimewapotezea mafundi siku nzima bure.

Nimefungiwa redio mpya ya skrini, antena ni lile pezi la juu ya paa. Hakuna stesheni hata moja. (Kijana wa Maweni)

Pezi lile ni fupi mno, linategemea kikuza mawimbi kilicho ndani yake, nacho kinataka volti 12. Redio nyingi hupeleka umeme huo kwa waya wa buluu. Mrudishie aliyekufungia, mwulize waya wa buluu ameuunganisha wapi. Mara nyingi umefungwa tepu tu ukaachwa nyuma ya redio.

Nikitoka Malindi kwenda Mokowe redio inakatika njiani. Ninunue antena kubwa? (Msafiri, Amu)

Hapana, ndugu yangu. FM husafiri kwa mstari ulionyooka, haifuati mviringo wa dunia. Mnara wa mita 100 hufika kama kilomita 45 kwenye nchi tambarare, hupita kidogo tu. Kuelekea Garsen na delta ya Mto Tana unauacha mnara mmoja kabla hujaufikia mwingine, na hakuna antena ya gari itakayoziba pengo hilo. Stesheni kubwa hutumia namba tofauti kila mji, kwa hiyo hifadhi za Malindi kwenye vitufe vya mwanzo na za Lamu kwenye vinavyofuata. Na ukiliacha gari Mokowe ukavuka kwa boti kwenda Lamu, futa antena kwa maji yasiyo na chumvi, ikaushe, kisha uishushe. Ile ya kuvuta ikikaa wiki na chumvi, huganda.

Tangu niweke tinti kioo cha nyuma, stesheni zimefifia. (Mwalimu, Mambrui)

Antena yako imechapwa ndani ya kioo hicho, na tinti yenye madini huziba mawimbi. Ibandue kwenye kioo hicho peke yake, taratibu, kwa mvuke, usije ukang'oa na nyaya zake.